Mume ataka tutazame video za ngono pamoja. Nikikataa, mimi ni nashiza (mke aliyemuasi mumewe)?

SWALI

Assalamu alaykum shekhe. Mimi ni mke wa mtu, naishi Kisauni, ndoa yetu haijatimiza miaka miwili. Mume wangu aswali, hanipigi, masurufu atoa. Tatizo ni usiku. Ataka tutazame video za ngono pamoja, asema sisi ni mke na mume na lolote lililo baina yetu ni halali. Nikikataa hununa siku mbili tatu. Mwezi uliopita simu yake ilikuwa chaji jikoni, ujumbe ukawa waingia mfululizo, nikaona yumo kwenye kikundi cha Telegram ambamo wanaume hutumiana picha za wake zao, na wengine waandika wazi kwamba hubadilishana wake kwa kuridhiana. Nilipomuuliza alisema yeye ni mtazamaji tu. Sasa ataka anirekodi, eti uso hautaonekana. Nikimkatalia, nimekuwa nashiza? Swala zake zakubaliwa? Nina haki gani? Mamangu na mavyaa sijawaambia.

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, nianze na lile linalokukosesha usingizi: kukataa kwako si nushuzi, yaani si uasi kwa mume. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna utiifu katika maasi, utiifu ni katika jambo jema, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mume akimtaka mkewe, na mke hana udhuru, hiyo ni haki yake, nawe pia una haki kama hiyo kwake. Akimwita mbele ya skrini yenye watu wengine walio uchi, amemwita kwenye jambo jingine kabisa. Kataa, wala usiombe radhi kwa kukataa.

Hoja yake ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inawateka wengi. Qur'ani imesema wao ni vazi kwenu na nyinyi ni vazi kwao (2:187). Mume aweza kumtazama mkewe, kumchezea na kufurahi naye, na yaliyoharamishwa kitandani ni machache ya kuhesabika, kama kumwingilia akiwa katika hedhi au kumwingilia kwenye tupu ya nyuma. Lakini wale walio ndani ya video hawamo katika ndoa yenu. Yule mwanamke si mkewe, yule mwanamume si mumeo. Suratun Nur (24:30-31) imewaamrisha wanaume wainamishe macho yao, kisha ikarudia amri ileile kwa wanawake, kwa hiyo hata wewe huna ruhusa ya kutazama kwa ajili ya kumridhisha. Mtume (s.a.w.) alikataza hata maneno: mwanamke asimweleze mumewe maumbile ya mwanamke mwenzake mpaka akawa kama anamwona. Kama kusimulia kumekatazwa, kuonyesha kutakuwaje?

Yuko atakayemwambia mumeo kwamba hiyo ni picha tu, hakumtazama mtu mwenyewe. Hoja hii si ya kijinga, na vitabu vyetu vya Kishafi vimeigusa zamani kabla ya simu: wako waliosema kumwona ajinabia, mwanamke asiye mkeo wala maharimu wako, kwenye kioo au kwenye maji hakuna hukumu ya kumwona yeye mwenyewe. Ila waliosema hivyo waliweka sharti, kwamba pasiwe na fitna wala matamanio. Watu wakiinukuu kauli hii huinukuu nusu. Video hizi zimetengenezwa kwa kazi moja, kuamsha matamanio, basi sharti limeanguka tangu mwanzo.

Tena mtazamaji hajui anachokitazama kimetoka wapi. Mwaka 2020 mahakama moja ya San Diego, Marekani, iliwapa ushindi wanawake 22 waliodanganywa kwamba video zao hazitawekwa kwenye intaneti, na fidia ikakaribia dola milioni 13. Fedha zilikuja baada ya video kuenea, na wengine walikuwa wamekwisha julikana kwa jamaa zao na makazini. Desemba ya mwaka huohuo Visa na Mastercard zilisimamisha malipo kwa Pornhub, tovuti ya video za ngono, baada ya gazeti la New York Times kueleza kwamba mlikuwamo video za watoto na za watu waliobakwa, na Pornhub ikafuta mamilioni ya video ambazo waliozipandisha hawakuwa wamethibitishwa. Mpaka siku ile, mamilioni ya watu walikuwa wakitazama wakidhani wote wale wamekubali na wamelipwa. Imamu Ahmad amepokea kwa Abu Umama kisa cha kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akaomba ruhusa ya kuzini. Maswahaba walimkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza: Je, wampendea hilo mama yako? Binti yako? Dada yako? Kila akijibu hapana, Mtume akimwambia na watu pia hawawapendei hayo mama zao, binti zao na dada zao. Msomee mumeo kisa hiki siku ambayo hajanuna. Kinafaa kuliko kumwita fasiki.

Sasa nitakaa kidogo mahali ambapo naona ndipo ugonjwa ulipo. Wewe, nadhani, ulikuwa na somo, yaani kungwi wako. Mwari wa Kiswahili haingii chumbani hivi hivi. Mtu mzima aliyekwisha ishi na mume amekaa naye, amemfundisha usafi, udi, asumini, namna ya kumpokea mume, na namna ya kumwambia kwa upole linalompendeza na linalomuumiza. Mume wako alifundishwa na nani? Madrasani twamfundisha mvulana josho la janaba kabla hajabaleghe, na twamsisitizia maji yafike kwenye mashina ya nywele na chini ya kucha. Kuhusu kinacholeta hiyo janaba, mwalimu hukohoa akafungua ukurasa wa mbele. Baba hasemi. Mjomba hufanya mzaha. Basi mtoto wa miaka 12 mwenye simu hujipatia somo wake mwenyewe, asiyemjua wala kumpenda, anayelipwa na matangazo kila kidole kinapogusa kioo.

Matokeo nayaona mimi baada ya Isha, wanapobaki nyuma msikitini vijana waliokaribia kuoa. Mazungumzo huanza, "Shekhe, kuna rafiki yangu..." Na huyo rafiki, awe wa Likoni, wa Majengo au wa Mji wa Kale, huwa na khofu zilezile: hataweza muda mrefu kama wale, maumbile yake ni madogo, mke asipopiga kelele basi hakuridhika. Wengine wamekwisha nunua dawa za nguvu hata posa haijapelekwa. Hakuna aliyewaambia kwamba vipande vile hupigwa, vikakatwa, vikaungwa, kwamba wale ni watu wa kazi wanaoigiza mbele ya kamera, na kwamba mke mwenye haya usiku wa kwanza hana kasoro yoyote. Wanaingia chumbani na masomo hayo kichwani, na binti wa watu ndiye anayefanyiwa mtihani. Aliyezoea kubadilisha wanawake kwa kidole, huyu sekunde hii na yule sekunde ijayo, mke mmoja humchosha upesi, akaanza kutafuta la ajabu zaidi. Kwa hiyo akikununia, usijitazame kwenye kioo ukatafuta ulichopungukiwa.

Na kile kikundi. Wanaobadilishana wake hujiona wamegundua jambo la watu walioendelea. Wana majina yao ya siri na kanuni zao, na neno lao kubwa ni ridhaa. Bi Aisha (r.a.) amesimulia, katika Bukhari, kwamba zama za Jahiliya, kabla ya Uislamu, ndoa zilikuwa za namna 4. Mojawapo ni mume kumwambia mkewe, akishatoharika na hedhi, aende kwa fulani alale naye, na mume hujitenga naye mpaka mimba ya yule mtu ibainike. Alifanya hivyo kwa kutamani mtoto wa mbegu bora, na wakiita istibdai. Mume ameridhika, mwenyewe ndiye aliyetuma. Uislamu ulipokuja ulizivunja zote ukabakisha moja, ile ya mtu kuposa kwa walii na kutoa mahari. Hayo ya Telegram, basi, ni makuukuu, yamevishwa nguo mpya. Ridhaa ni lazima katika ndoa, na mume hana ruhusa ya kumlazimisha mkewe. Lakini watu wawili au wanne wakiridhiana juu ya zinaa, zinaa haibadiliki jina.

Kusema yeye mtazamaji tu hakumtoi. Kikundi cha namna hiyo chaishi kwa watazamaji. Wasingekuwapo, nani angetuma? Na Mwenyezi Mungu amewaonya wanaopenda uchafu uenee kwa walioamini (24:19). Tena desturi ya vikundi hivyo ni kwamba aliyekula sana vya wenzake huulizwa na yeye ameleta nini. Ombi la kukurekodi limekuja baada ya kikundi. Siwezi kuapa kwamba yanahusiana, lakini ningekuwa babako ningelichukulia hivyo mpaka nionyeshwe vingine.

Juu ya kurekodi, jibu ni hapana, hata kama ni ya kutazama nyinyi wawili tu, hata akiapa. Muslim amepokea kwa Abu Said al-Khudri kwamba miongoni mwa watu wenye daraja ovu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama ni mtu anayemwendea mkewe na mkewe akamwendea, kisha akaitangaza siri yake. Eti uso hautaonekana! Sauti je? Hina ya mikono, lesso iliyotandikwa, pazia ambalo kila shoga yako amelikalia chini yake akinywa chai? Na simu yenyewe leo iko kwa fundi, kesho imeibiwa kwenye matatu. Sheria ya Kenya ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 imeweka kosa kwa anayesambaza picha ya faragha ya mtu mwingine, faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Zikiwa picha za ngono za watoto, faini yafika shilingi milioni 20 na kifungo miaka 25. Ndani ya vikundi hivyo hakuna anayeuliza umri wa anayeonekana. Hili mwambie kama lilivyo, kwani wako wasioshtushwa na aya wakashtushwa na korokoro.

Swala zake: msimhukumu, wewe wala majirani. Swala iliyotimia sharti na nguzo zake ni sahihi, na kukubaliwa ni kwa Mola wake. Mtu alimbusu mwanamke asiyekuwa wake, akamjia Mtume (s.a.w.) akakiri, ikateremka aya ya Suratu Hud kwamba mema huondoa maovu (11:114). Hiyo swala yake ndiyo kamba aliyobaki nayo. Usimwambie "unaswali bure", akasikia, akaacha.

Huenda akakuambia ameshindwa kuacha, amekuwa kama mlevi. Sikiliza kwa makini, kwani wako wanaosema kweli na wako wanaojificha hapo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutaja ugonjwa wa mtu kushindwa kuyazuia matendo yake ya kijinsia kwa muda mrefu, miezi 6 au zaidi, mpaka kazi, afya na jamaa zake vikaharibika. Na likaeleza kwamba kujisikia vibaya kwa sababu tu mtu aona ni kosa kimaadili hakutoshi kumwita mgonjwa. Mimi naliona hilo ni sawa. Majuto si ugonjwa, ni sehemu ya toba. Lakini kama amejaribu kweli akashindwa, anachelewa kazini, halali, basi aende kwa daktari au mshauri wa nafsi, na kwenda huko hakupunguzi imani yake. Ibn al-Qayyim, aliyefariki Dameski mwaka 1350, aliandika kitabu kizima kumjibu mtu aliyeuliza afanyeje na balaa lililomshinda kuliacha, naye alianza kwa hadithi ya kwamba kila ugonjwa Mwenyezi Mungu ameuteremshia dawa.

Ya kufanya. Zungumza naye mchana, nje ya chumba, na sharti lako la kwanza liwe atoke kwenye kikundi mbele yako. Simu zote zilale sebuleni, yako na yake. Uliloliona jikoni lilikujia lenyewe. Usianze sasa kuipekua simu yake kila akienda kuoga, kwani Qur'ani imekataza kupelelezana (49:12), na hutapata usingizi tena. Kisha mwambie na yeye akuambie anachokikosa kwako, na wewe umwambie unachokikosa kwake. Wengi hawajawahi kuyasema haya hata mara moja, wameanza kutafuta kwa wageni.

Mamako na mavyaa usiwaambie kwa sasa. Akitubia, wao hawatasahau. Asipobadilika, Qur'ani imetaja mwamuzi mmoja wa upande wake na mmoja wa upande wako (4:35). Chagua mtu anayejua kunyamaza, hata kama si mkubwa wa ukoo. Lakini akikurekodi kwa siri, au picha yako ikatoka, au akakutaka uingie katika kubadilishana, hapo stara imekwisha. Mwambie walii wako siku hiyohiyo. Picha ikiwa imetumwa nenda polisi, wala usifute ujumbe kwa aibu, maana huo ndio ushahidi. Na kwa Kadhi una haki ya kudai kutengana kwa madhara. Mtu akikuambia lazima kwanza urudishe mahari, usitie sahihi popote. Hilo huamuliwa na Kadhi baada ya kuwasikiliza nyote wawili.

Wallahu aalam.