Taarifa si kibali: maswali yenu kuhusu polisi na mikusanyiko

Kikundi chetu cha vijana Kaloleni kinataka kutembea hadi Mnara wa Mwenge kuhamasisha usafi. Kituoni tunaambiwa "kibali bado". Tusubiri hadi lini? (Katibu, Arusha)

Sheria ya Jeshi la Polisi haidai kibali. Inadai taarifa ya maandishi, imfikie mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Ukishaiwasilisha unaendelea na shughuli yako, isipokuwa upokee amri ya kuizuia. Sharti la kibali lilitupwa na Mahakama Kuu, Dodoma, mwaka 1994 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwa kuwa lilikinzana na Katiba. Neno lenyewe limegoma kufa, hata vinywani mwa waandaaji.

Kwa hiyo anzeni na kichwa cha barua. Wengi huandika "YAH: MAOMBI YA KIBALI", na hapo wamejipanga wenyewe kwenye foleni ya kusubiri jibu. Andikeni "YAH: TAARIFA YA MATEMBEZI". Nakala ziwe mbili. Ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe saa, maana saa 48 zinahesabiwa kuanzia hapo. Ongezeni njia mtakayopita barabara kwa barabara, idadi ya watu, saa ya kumaliza, gari la matangazo kama lipo, na simu za wasimamizi wawili.

Maelezo hayo ndiyo yanayomsaidia afande kutumia busara. Anaweza kuzuia akiridhika kwamba kuna nia ya uhalifu, au amani na usalama wa watu vitakuwa hatarini. Anaweza pia kupanga njia na saa. Msafara wa watu 200 kukatiza Kilombero asubuhi, daladala zikishusha abiria, ni kumpa sababu mkononi. Akibadilisha njia, kubalini, ila ombeni iandikwe. Akizuia kabisa, rufaa ni kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na neno lake ndilo la mwisho. Msitegemee jibu ndani ya siku mbili. Pelekeni barua wiki mbili kabla. Mkiingia barabarani huku amri ya kuzuia mnayo, mmekosa, hata kama mmebeba mafagio tu.

Askari anatuambia bodaboda watatu kijiweni tayari ni mkusanyiko haramu. Kweli? (Mbuyuni, Moshi)

Nusu kweli. Kanuni ya Adhabu inaanzia watu watatu, lakini idadi peke yake haitoshi. Lazima wawe na nia ya kutenda kosa, au mwenendo wao uwape majirani hofu ya msingi kwamba amani itavunjika. Kusubiri abiria si lolote kati ya hayo. Mkiwa mmeziba njia ya waenda kwa miguu, hiyo ni habari nyingine: mkiambiwa sogeeni, sogeeni.

Mdogo wangu kakamatwa Unga Limited usiku wa Ijumaa kwa "uzururaji". Naambiwa dhamana hadi Jumatatu. (Dada mtu, Arusha)

Wikiendi si sababu. Aliyekamatwa bila hati, kama haitawezekana kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 na kosa si zito, mkuu wa kituo anatakiwa kumwachia kwa dhamana. Uliza mambo mawili: kosa lililoandikwa, na saa aliyoingizwa mahabusu. Beba kitambulisho chako cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa inayosema kijana anaishi wapi na anafanya kazi gani. Barua hiyo ina uzito kwa sababu tuhuma yenyewe husimama juu ya madai kwamba mtu hana shughuli. Askari wa kaunta akisema hana mamlaka, huenda ni kweli. Omba kumwona OCS (mkuu wa kituo), kisha OCD (mkuu wa polisi wa wilaya). Dhamana hailipiwi. Hela wanayoiita "ya karatasi" ni rushwa, na nawe mtoaji umo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapahapa Arusha, ilisema tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Hayo ni maoni ya ushauri, na hayafungui mlango wa selo. Mwachie wakili hoja hiyo.

Baa ya jirani inapiga muziki hadi saa tisa usiku. Polisi walikuja, wakaonya, wakaondoka. Wamehongwa? (Sakina)

Si lazima. Kuonya kwanza ni uamuzi halali. Tatizo la onyo la mdomo ni kwamba wiki ijayo hakuna anayelikumbuka, kwa hiyo chukua namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo) kila unaporipoti. Zikifika tatu au nne, zipeleke halmashauri na ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira.

FFU (polisi wa kutuliza ghasia) wakisema "tawanyikeni", tuna dakika ngapi? (Majengo, Moshi)

Sheria haitaji dakika. Baada ya ilani unapewa muda wa kutosha kuondoka. Kinachoharibu mara nyingi ni kwamba walio nyuma hawakusikia, kwa hiyo wekeni msimamizi mwenye kipaza sauti huko nyuma. Tembeeni, msikimbie, mkielekea barabara iliyo wazi. Usirudi kufuata pikipiki. Nguvu inayozidi mahitaji hairuhusiwi: andika saa, mahali na namba ya gari, ulalamike kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ukiumia, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, siku hiyohiyo, hata kwenye kituo kingine kama unaogopa kile cha hapo. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza, fomu ifuatwe na ndugu.