Kabla hujanunua gitaa jingine: majibu kwa wapiga muziki wa ridhaa

Walioandika safari hii ni watu wanaopiga baada ya kazi, chumbani au na wenzao watatu wanne, bila malipo. Wengi wameuliza jambo moja kwa maneno tofauti: chombo kinanisumbua, ninunue kingine? Kwa walio wengi jibu langu ni bado.

Gitaa langu nalityuni kwa programu ya simu, nyuzi zote wazi zinasoma sawa. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za karibu na kichwa zinaimba vizuri, lakini nikishuka kuanzia freti ya 7 zinachacha. Limekufa?

Halijafa, na usimpe mnunuzi wa kwanza atakayepita. Lifanyie kwanza kipimo hiki. Weka kidole juu ya uzi, usawa kabisa wa chuma cha freti ya 12, uguse tu bila kukandamiza. Piga uzi, ondoa kidole papo hapo. Utasikia mlio mwembamba wa kengele. Sasa kandamiza uzi uleule kwenye freti hiyohiyo, upige kama kawaida. Tyuna inatakiwa isome milio hiyo miwili sawasawa, kwa sababu freti ya 12 hukata uzi katikati. Gitaa lenye uzi wa milimita 648 lina freti hiyo milimita 324 kutoka pale shingo inapokutana na kichwa.

Ule wa kukandamiza ukiwa juu kuliko wa kengele, anza na nyuzi. Nyuzi zilizokaa muda mrefu hujaa jasho na uchafu, hulika pale zinapogusana na freti, na unene wake hauwi tena sawa toka mwanzo hadi mwisho. Hazitakaa sawa hata uzibembeleze. Badilisha seti nzima, si ule mmoja uliokatika, kisha pima tena. Magitaa mengi yanayoitwa mabovu hupona hapa.

Zikiwa mpya na tatizo lipo, tazama zimeinuka kiasi gani kutoka kwenye freti. Uzi ulio juu sana unauvuta kila unapoukandamiza, na uzi ukivutwa hupanda. Kwa gitaa la umeme, milimita 2 hivi juu ya freti ya 12 ni kawaida. Ukiweza kupitisha penseli, hiyo ni kazi ya fundi. Kisha tazama mkono wako. Anayejifunza huikaba shingo kama mwizi aliyekamatwa. Legeza kidole kidogokidogo mpaka uzi uanze kukwaruza, rudisha nguvu kidogo tu: hiyo ndiyo nguvu inayohitajika, na wengi huizidisha mno.

Daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, liguswe mwisho. Gitaa la umeme lina skrubu kwa kila uzi. Mlio wa kukandamiza ukiwa juu, rudisha kitako cha uzi nyuma, mbali na shingo, ili uzi urefuke. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Tyuni upya kila ukizungusha skrubu, la sivyo kipimo kinachofuata hakina maana. La mbao lisilo la umeme kwa kawaida halina skrubu hizo, basi mpelekee fundi achonge mfupa wa daraja.

Na ninyi mnaotyuni kwa kulinganisha mlio wa kengele wa freti ya 5 na ule wa freti ya 7 kwenye uzi unaofuata: mnapendeza kuwatazama, lakini kila hatua inakosea karibu senti 2, katika nusutoni (hatua ya freti moja) yenye senti 100. Toka uzi wa sita hadi wa tatu mmeshapotea karibu senti 6. Kila uzi upimwe peke yake.

Shikamoo mwalimu. Mjomba ameniachia gitaa la nyuzi za nailoni. Nataka sauti kali zaidi. Naweza kufunga nyuzi za chuma?

Marahaba. Usifunge. Seti nyepesi ya chuma huvuta kwa jumla ya kilo 70 na ushee, ya nailoni karibu nusu yake. Ubao wa juu wa gitaa hilo ni mwembamba, mbavu zake za ndani zimepangwa kwa mvuto mdogo, na mara nyingi shingo haina fimbo ya chuma ndani. Siku ya kwanza litalia vizuri na utaona nimekutisha bure. Baadaye tumbo litavimba nyuma ya daraja, halafu daraja litabanduka.

Hizo nailoni zenyewe si za zamani kihivyo. Kabla ya miaka ya 1940 magitaa ya aina hii yalifungwa nyuzi za utumbo wa wanyama. Ni fundi Albert Augustine wa New York aliyetengeneza za nailoni, na mpigaji Andrés Segovia akazikubali. Ukitaka ukali, nunua seti ya nailoni za mvuto mkubwa, kisha hamisha mkono wa kulia usogee karibu na daraja. Utashangaa.

Nina saksofoni alto. Mpiga kinanda akisema "tunapiga C", nami nikipiga C, tunapishana kabisa. Nani amekosea?

Hakuna. Alto ni chombo cha E bemoli (E iliyoshushwa nusutoni): wewe ukipiga C, kinachotoka ni E bemoli ya kinanda. Mambo hayo yamo tangu Adolphe Sax alipoisajili saksofoni mjini Paris mwaka 1846. Ili upate C ya kinanda, piga A. Wimbo wote ukiwa ki (ngazi ya sauti) ya C, wewe uko ki ya A, yenye dayezi (noti zilizopandishwa nusutoni) tatu. Mwenye saksofoni ya tena (tenor), tarumbeta au klarineti ya B bemoli yeye apige ki ya D.

Ugomvi wenu wa kweli utakuja na mpiga gitaa. Yeye anapenda E, A na D. E yake inakupeleka C dayezi, yenye dayezi saba, na hapo ndipo wapulizaji hugundua wana shughuli nyumbani. Mwambieni afunge kapo (kibanio kinachokaza nyuzi zote) freti ya 1 na apige maumbo ya D kama alivyozoea. Bendi nzima itakuwa E bemoli, nawe utapiga C yako kwa raha. Maumbo ya A kwenye kapo hiyohiyo yanatoa B bemoli, na mwenye saksofoni ya tena naye atapata C yake.

Kitufe cha kinanda cha kuhamisha ki kinasaidia pia, ila mpigaji husahau kukirudisha, na wimbo unaofuata unaanza kwa aibu.

Maiki yetu inapiga mluzi kila tukiongeza sauti. Tumeambiwa tununue mixa kubwa zaidi.

Mixa kubwa itapiga mluzi mkubwa. Kinachotokea ni kwamba maiki inasikia spika, spika inairudishia, maiki inasikia tena, na mzunguko huo haukomi. Dawa ni kuukata mzunguko.

Spika zinazotazama watu ziwe mbele ya maiki, zisiwe nyuma ya mwimbaji. Ile anayojisikilizia mwimbaji iwekwe kufuatana na maiki yenyewe. Maiki za kawaida za kuimbia, kama Shure SM58, hazisikii vizuri mgongoni, kwa hiyo spika hiyo ikae sakafuni mbele ya mwimbaji, ikimtazama, kule mkia wa maiki unakoelekea. Kuna maiki nyingine, zile za supakadioidi, ambazo upande wake usiosikia uko pembeni nyuma. Kwa hizo spika ielekee kidogo upande. Soma mchoro ulio kwenye karatasi ya maiki, ndiyo kazi yake.

Halafu mwimbaji. Wapo wanaofunika wavu wa maiki kwa kiganja kwa sababu inapendeza. Kiganja hicho kinaziba matundu ya nyuma ambayo ndiyo yanaifanya maiki ichague upande wa kusikiliza, na sasa inasikia kila upande, spika zikiwemo. Ashike chini ya wavu. Aisogeze pia mdomoni: akitoka sentimita 10 akafika 5, maiki inapata karibu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 zaidi bila mtu kugusa kitufe. Ziko bendi ambazo zingemaliza tatizo zima kwa hatua hiyo moja.

Maiki isiyotumika izimwe. Kila mkiongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi, mnapoteza desibeli 3 hivi kabla ya mluzi kuanza. Mluzi ukibaki baada ya yote hayo, tafuta kwenye mixa kitufe cha masafa ambako mluzi unalia, ukipunguze hicho tu. Ukishusha kila kitu, waimbaji hawatasikika na mpiga dramu atafurahi peke yake.

Napiga kinanda usiku kwa hedifoni za bluetooth nisiwasumbue watu. Naona vidole vyangu vimekuwa vizito.

Vidole havina kosa. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200, pengine zaidi. Kwa kuwa sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, milisekunde 100 ni sawa na kukaa mita 34 kutoka kwenye spika yako na kujaribu kwenda na wakati. Tumia hedifoni za waya. Ukipiga kupitia kompyuta, punguza bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa): sampuli 128 kwa 48,000 za sekunde ni chini ya milisekunde 3, wakati 1,024 ni milisekunde 21, na hizo unazisikia.

Adapta ya kinanda changu imepotea. Ya pedali za gitaa inaingia vizuri. Nichomeke?

Kuingia si kufaa. Pedali nyingi hutaka volti 9 na hasi katikati ya plagi. Vinanda vingi hutaka 12 na chanya katikati. Tafuta kimchoro kidogo cha duara chenye alama za + na − karibu na tundu. Volti na upande wa hasi lazima vilingane na kinanda. Ampea ziwe sawa au zaidi. Kisipoonekana kimchoro, usichomeke.

Nyumbani napiga kinanda vizuri tu. Tukikutana wanne napotea, nikipotea naanza wimbo upya, wenzangu wanakasirika.

Wana haki. Ukiwa peke yako, ukifika pagumu unapunguza mwendo bila kujua, ukivuka unakimbia, na hakuna wa kukusuta. Jirekodi kwa simu kisha sikiliza huku unapiga mguu, utaona mwenyewe mguu unapogombana na mkono.

Zoezi langu ni hili. Wimbo ukiwa na mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, weka metronomu (kifaa kinachopiga mwendo) kwenye 50, na kila mlio uuhesabu kuwa ni pigo la pili au la nne. Moja na tatu uzibebe wewe kichwani. Mwanzoni inaudhi, maana metronomu haikubebi tena, inakukagua tu.

Siku ya bendi, ukipotea, toa mikono kwenye kinanda lakini usitoe mguu. Msikilize mpiga besi: kwa kawaida pigo la kwanza hupiga noti mzizi ya kodi, ile inayoipa jina, na hapo ndipo utakapojua mko wapi. Hesabu, ingia kwenye moja ya mzunguko unaofuata. Ukikaa kimya mapigo manane, wasikilizaji watadhani imepangwa. Na upumzishe mkono wa kushoto. Kuna mtu wa besi tayari, nyote wawili mkijaza chini muziki unakuwa tope.

Baada ya mazoezi masikio yananililia hadi asubuhi. Nitazoea?

Hutazoea, utaziwika. Mlio huo ni onyo. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanyika nusu: kwa desibeli 100 umebaki na dakika 15. Chumba kidogo chenye dramu hufika huko bila taabu. Pamba haisaidii, inameza milio ya juu na kuacha vishindo. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa. Hivi nunua hata leo.

Mwenzetu wa bendi huazima gitaa langu kila wiki. Linarudi uzi umekatika, na kusema naona haya.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini hawakusema anayeazimwa aumie. Mwambie mapema, kabla ya kumkabidhi, si wakati analirudisha: anayekata uzi ananunua seti, anayeliangusha analipa fundi, na halilali nje ya mfuko wake. Likague mkiwa wote wawili, linapotoka na linaporudi. Haya hupungua sana mkizungumza gitaa likiwa bado mikononi mwako. Na kama hulipigi siku hizo, mwombe naye akuachie chake. Utalijua gitaa jingine bila kununua.