Kwa nini 3x = 12 haitupi 9

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu alimaliza darasa la saba akiwa hodari wa Hisabati, lakini tangu aanze Kidato cha Kwanza milinganyo imemshinda. Amekariri kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hubadili alama yake, hivyo akipewa 3x = 12 anaandika x = 12 − 3, anapata 9, wala haoni kosa liko wapi. Mimi mwenyewe aljebra nimeisahau. Nimsaidieje nyumbani, au nimtafutie tuisheni?
Mama wa mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Kosa hilo huwapata hata wanafunzi wenye bidii, kwa sababu wamefundishwa njia ya mkato kabla ya kuonyeshwa ilikotoka. Kwa kweli hakuna namba inayovuka kwenda popote. Mlinganyo ni taarifa kwamba kilichoandikwa kushoto na kilichoandikwa kulia vina thamani moja, kama mizani ya dukani iliyotulia, na ukipunguza upande mmoja sharti upunguze na wa pili kwa kiasi kilekile. Katika x + 3 = 12 tunatoa 3 pande zote mbili, ndiyo maana 3 huonekana kana kwamba imehamia kulia na kubadili alama. Lakini katika 3x = 12, x haikujumlishwa na 3 bali imezidishwa kwa 3, na kinachotengua kuzidisha ni kugawanya. Tukigawanya pande zote kwa 3, tunapata x = 4.

Basi kabla hajaandika chochote, muulize: x imefanyiwa nini, na kwa mfuatano upi? Tuseme umenunua madaftari 4 ya bei moja na kalamu ya shilingi 500, ukalipa jumla ya shilingi 4,500. Mlinganyo wake ni 4x + 500 = 4,500. Hapa x imezidishwa kwa 4 kwanza, kisha ikajumlishwa 500. Magazijuto (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) aliyoizoea shule ya msingi itamfaa sana, ila sasa aifuate kinyumenyume, kwa kuwa anayetengua huanza na kilichofanyika mwisho: atoe 500 pande zote apate 4x = 4,000, kisha agawanye kwa 4 apate x = 1,000. Sisitiza kwamba x ni idadi ya shilingi za daftari moja, si daftari lenyewe, kwani anayedhani herufi ni kifupisho cha kitu hupotea mara tu maswali yanapobadilika.

Chungulia pia daftari lake. Wengi huandika 2x + 3 = 11 − 3 = 8 ÷ 2 = 4. Jibu la mwisho ni sahihi, lakini maandishi hayo yanadai kwamba 11 − 3 ni sawa na 8 ÷ 2, yaani 8 ni sawa na 4. Mazoea haya hutokana na miaka mingi ya kuiona alama ya sawasawa kama amri ya kuandika jibu. Robert Recorde wa Wales, aliyeichapisha alama hiyo mwaka 1557, alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hivyo, na maana hiyo ya kulingana ndiyo mwanao anayopaswa kuishika. Kila hatua iwe na mstari wake, na kila mstari uwe mlinganyo kamili.

Herufi ikiwa pande zote mbili, kanuni ni ileile: katika 7x − 4 = 3x + 12 atoe 3x pande zote, ajumlishe 4 pande zote, apate 4x = 16.

Penye ugumu hasa ni mabano yaliyotanguliwa na alama ya kutoa. Katika 10 − 2(x − 3) = 4, wengi huandika 10 − 2x − 6 = 4 na kupata x = 0, wakisahau kwamba −2 inazidisha pia −3, na hasi mara hasi ni chanya. Iliyo sahihi ni 10 − 2x + 6 = 4, hivyo 2x = 12 na x = 6.

Hapo ndipo wewe, mama, unaweza kumsaidia bila kuijua aljebra. Kila akimaliza swali, mwambie arudishe jibu lake katika mlinganyo wa mwanzo na kukokotoa mbele yako. Akiweka 0 katika swali hilo, upande wa kushoto utakuwa 16, wakati kulia ni 4. Akiweka 6, pande zote zitakuwa 4. Vivyo hivyo, ile 9 yake ingempa 27 mahali panapotakiwa 12.

Tuisheni isubiri kwanza. Mpe maswali matatu au manne kila jioni, ayaeleze kwa Kiswahili hatua kwa hatua huku akiandika. Ikiwa baada ya wiki chache anaweza kusema kwa nini anagawanya au kwa nini anatoa, lakini bado anakwama darasani, basi kinachomkwamisha huenda ni Kiingereza cha maswali, na hilo mkalizungumze na mwalimu wake wa Hisabati kabla ya kulipia masomo ya ziada.