Luku ilipokata katikati ya BIOS

Luku ilikuwa inalia tangu alasiri. Aliyeishi na mita ya luku anaijua ile sauti, na anajua pia sikio linavyoizoea mpaka linaacha kuisikia. Nilikuwa sebuleni kwetu Makorora, hapa Tanga, mbele ya kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba, natazama mstari mweupe ukisogea: asilimia 38, 39, 40. Nilikuwa nasasisha BIOS, ile programu ya kwanza kabisa inayoiamsha kompyuta. Hakukuwa na kitu kilichoharibika. Nilikuta tu toleo jipya kwenye tovuti ya waliotengeneza mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, nikaona kubaki na la zamani ni ushamba. Ilipofika 61, sebule ikawa giza.

Mama akasema kutoka jikoni, "Si nilikwambia ununue umeme?"

Umeme ukanunuliwa, feni ya kompyuta ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikawasha, nikachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, nikaipangusa, nikairudisha. Nyeusi vilevile.

Nilichokuwa sikijui siku ile ni kwamba draiva na fimwea si ndugu wa tumbo moja, ingawa zote huja kwa jina la sasisho. Draiva ni programu inayokaa kwenye diski, inamfundisha Windows namna ya kuongea na printa, kadi ya Wi-Fi au kadi ya picha. Fimwea imeandikwa ndani ya kifaa chenyewe. BIOS, kwa mfano, inakaa kwenye chipu ndogo yenye miguu minane juu ya mazabodi, na ndiyo ya kwanza kusomwa ukiwasha kompyuta, kabla Windows hajaamka. Unapoisasisha, maandishi ya zamani yanafutwa na mapya yanaandikwa palepale. Umeme ukikatika katikati, kompyuta ikiamka haina pa kuanzia kusoma. Kuna mazabodi zenye BIOS ya akiba au kitufe maalumu cha kuiokoa kwa flashi. Yangu haikuwa na hayo.

Kesho yake nikaifunga kwenye keria ya baiskeli mpaka kwa fundi mmoja Ngamiani, barabara ya 12. Aliitazama dakika mbili. "Sheikh, hii imekufa ila haijazikwa." Akaitafuta ile chipu kwa tochi ya simu, akaibana kwa kibanio mfano wa kile cha nguo, waya wake ukaingia kwenye CH341A, kidude cha kuandikia chipu, nacho kikachomekwa kwenye laptopu yake. Akaandika upya faili zima la BIOS. Elfu arobaini zikaondoka, na njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga hesabu ya units ngapi za luku zingetoka humo.

Tangu hapo nina kipimo kimoja. Kabla sijabonyeza, najiuliza kama nikikosea nitaweza kurudi nilikotoka. Draiva ukiikosea unarudi. Fimwea ukiikosea unapanda baiskeli.

Kwa hiyo draiva hazinitishi, ila sizikimbilii. Windows hujiletea nyingi mwenyewe na mara nyingi zinatosha. Mimi nagusa ile tu yenye tatizo: sauti imekatika, Wi-Fi inapotea, picha zinarukaruka. Ikiwa draiva mpya ndiyo iliyoleta balaa, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, fungua Device Manager, ingia kwenye kifaa husika, tafuta kitufe cha Roll Back Driver. Ya zamani inarudi. Kitufe kikiwa kimefifia, maana yake hakuna ya zamani iliyohifadhiwa, ndiyo maana mimi huweka kwanza alama ya kurejeshea mfumo (restore point).

Zile programu za bure zinazokuambia "kompyuta yako ina draiva 27 zilizochakaa" ziogope kama mkopo wa mtaani. Dada yangu aliweka moja. Ikambadilishia draiva ya Wi-Fi kwa isiyo ya laptopu yake, mtandao ukafa, na dawa yenyewe ilikuwa mtandaoni. Tulimwokoa kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB na kugawa intaneti ya simu. Sasa kwenye flashi yangu kuna folda ya draiva za Wi-Fi za kila kompyuta ya nyumbani, nilizozipakua kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe. Ukitaka kujua modeli kamili ya mashine yako na toleo la BIOS, andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, vyote viko hapo.

Na bando je? Draiva moja ya kadi ya picha inaweza kuzidi nusu GB. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna swichi ya kumwambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Iwashe kama unatumia bando la simu, atapunguza kujipakulia vitu usivyomwomba. Ila usiisahau mwaka mzima, masasisho ya usalama unayahitaji.

Sasa fimwea. Sisemi usiiguse kabisa. Mwaka 2024 baadhi ya prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani ziligundulika zinaomba volti kupita kiasi na kuharibika taratibu, na dawa ilikuja kwa sasisho la BIOS. Iliyokwisha kuharibika haikupona kwa sasisho, kwa hiyo mwenye nayo aliyengoja aliumia. Sababu ya namna hiyo, au tundu la usalama, inatosha. "Kuna toleo jipya" peke yake haitoshi.

Ukiamua, laptopu iwe na chaji ya kutosha na waya wa chaja uwe umechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, lile betri la akiba la umeme ukikatika, hata ya kuazima. Faili liwe la modeli yako hasa, si linalofanana nayo. Ikishaanza, usiiguse hata ikijizima na kujiwasha yenyewe mara mbili.

Lingine hili linawakuta wengi. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 huwa zimefungwa diski kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha BIOS, inaweza kuamka ikidai funguo ya tarakimu 48. Ilimkuta mdogo wangu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi ya chuo, akajua amepoteza kila kitu. Funguo ilikuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, tukaifungua kwa simu, nikamsomea tarakimu sitasita naye akibofya, akakosea mara mbili. Sitisha BitLocker kwanza kabla ya kusasisha, na funguo iandike kwenye karatasi. Yetu iko nyuma ya daftari la mama la wanaodaiwa vitenge, kitu pekee humu ndani ambacho hakijawahi kupotea.

Mwezi uliopita ilibidi nisasishe tena BIOS ya ile ile ya mezani, kwa sababu ya usalama safari hii. Niliazima UPS kwa jirani, nikaangalia mita: units 46. Mama akapita na pasi mkononi, akasimama mlangoni.

"Ndiyo kile kimstari tena?"

"Ndiyo mama."

Akaiweka pasi mezani, akavuta kiti, tukakitazama wote.