Kabla hujageuza tarakimu, hesabu nafasi

Juzi umeme ulikatika hapa Pasua, Moshi, kompyuta ikazima nikiwa bado natafuta kosa kwenye orodha yangu ya namba: kila namba naiandika kwa 0 na 1, nageuza kila 0 kuwa 1 na kila 1 kuwa 0, kisha nasoma namba inayotokea. Mtoto wa kaka yangu alikuwa barazani na vizibo vinne vya soda. Nikamfundisha: kizibo chali ni 1, kifudifudi ni 0. Tano kwa besi ya mbili, ambapo nafasi kutoka kulia ni za moja, mbili, nne, nane, ni 101, yaani nne moja, mbili hakuna, moja moja. Akapanga vizibo vitatu, akavigeuza vyote: 010. Mbili.

"Shangazi, mbona daftari lako limeandika kumi?"

Kweli, lilisema 10. Programu yangu ilikuwa inaipa kila namba nafasi nne, kwa hiyo tano ikawa 0101. Ile sifuri ya kushoto, ambayo haikuwa na kazi yoyote, ikageuka kuwa 1 yenye thamani ya nane. Kuanzia 1 nilikuwa nimepata 14, 13, 12, 11, 10... Orodha inayohesabu kurudi nyuma hivyo ingenishtua mapema, lakini nilikuwa nimeshaipenda.

Kwa hiyo, ukitaka kucheza na mifuatano hii ya namba, anza kwa mkono, na amua nafasi kwanza. Bila sifuri za mbele, 1 hadi 8 hutoa 0, 1, 0, 3, 2, 1, 0, 7. Inashuka mpaka sifuri, kisha inaruka. Jumlisha namba na geuzo lake, lazima upate namba ambayo kwa besi ya mbili tarakimu zake zote ni 1: 5 na 2 ni 7, yaani 111. Mimi nilikuwa na 5 na 10, jumla 15, ambayo ni 1111. Nafasi moja imezidi.

Ukichoka kugeuza, acha tarakimu zilivyo ubadili besi. Soma 101 kwa besi ya tatu, ambapo nafasi ni za moja, tatu, tisa, upate 10. Ukiendelea hivyo utapata 1, 3, 4, 9, 10, 12, 13, 27, na humo hutakuta namba tatu zinazopishana kwa kiasi sawa. Huu naupenda kuliko ule wa kwanza.

Ukishapata namba kama kumi, zitafute kwenye OEIS, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya namba ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964. Ukipeleka nne tu, kama 0, 1, 0, 3, utaletewa mifuatano mingi mno.

Tulipofika 16 vizibo vinne havikutosha. Akakimbia dukani kuomba cha tano.