Wadhamini wanagombania makumbusho: bodi halali ni ipi?

SWALI: Wakili, salaam. Mimi ni katibu wa makumbusho madogo ya mji wetu, mwambao wa Tanzania Bara. Tulisajiliwa wadhamini saba, wawili wamefariki. Juzi mwenyekiti aliketi na watu watatu wasio wadhamini, wakaandika muhtasari kwamba wao sasa ni bodi, na kwamba ule mlango wa kuchonga uuzwe tupate pesa ya kuezeka paa. Anadai mlango ni wa babu yake. Sisi wanne tumebadilisha kufuli ya stoo. Nani ana haki?

JIBU: Ndugu Katibu, nianze na hiyo kufuli, maana ndiyo itakayowaponza. Ikifika mahakamani mtaonekana nanyi mmejichukulia sheria mkononi. Wekeni kufuli mbili, kila upande na ufunguo wake, na daftari la kusaini kila stoo inapofunguliwa.

Sasa bodi. Usajili chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura 318, uliwafanya wadhamini kuwa mtu mmoja kisheria, mwenye lakiri (mhuri wake rasmi), anayemiliki mali na kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake. Mali ni ya chombo hicho. Kwa hiyo vifo vya wale wawili havikuwapa warithi wao kitu, wala nyinyi mliobaki.

Anayejaza nafasi anatajwa kwenye katiba mliyowasilisha RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Isomeni kifungu kwa kifungu. Nyingi ni za kunakili. Niliwahi kushika katiba ya makumbusho iliyosema wadhamini watateuliwa na “mkutano wa waumini”! Kama yenu inawapa wadhamini waliobaki kazi hiyo, angalieni akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali. Ikiwa ni nusu ya wadhamini, iwe mmehesabu saba au watano, mwenyekiti peke yake hafikishi. Wale watatu hawahesabiki: mtu hapigi kura ya kujiteua. Kisha fanyeni upekuzi RITA muone majina yaliyomo kwenye jalada la Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa anayesajili wadhamini, na mpelekeeni barua kabla muhtasari wa mwenyekiti haujatangulia. Nyinyi wanne mnaweza kuitisha kikao halali, lakini mwenyekiti apewe taarifa kwa maandishi, naye asaini kuipokea. Msimruke.

Mlango ni habari nyingine. Babu aliutoa au aliuazimisha? Tafuteni daftari la mapokezi: tarehe, jina, sahihi, na neno lililoandikwa pale, “zawadi” au “amana”. Kama ni amana, familia ina hoja, na mzee wa watu msimwite mwizi. Kama ni zawadi, hana chake.

Hata akishinda hapo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango na fremu zilizochongwa Tanganyika kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki. Hautoki nchini bila leseni. Mnunuzi akiwa mgeni, na mara nyingi ndiye mwenye bei nzuri, kaulizeni kwanza Idara ya Malikale. Mlango mpimeni na kuupiga picha, pamoja na nyufa zake, leo hii. Paa liwekeeni turubai.