Maswali ya Wasomaji: Chura wa Kihansi alimalizwa na bwawa au na fangasi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ifakara. Wanafunzi wangu wanajua kwamba vyura wa Kihansi walitoweka kwa sababu ya bwawa la umeme, lakini mgeni mmoja aliyetutembelea shuleni alisema waliuawa na fangasi. Lipi ni sahihi, na je, fangasi hao wanaweza kutudhuru sisi tunaovuka mito kila siku?

JIBU: Ndugu Mwalimu, wanafunzi wako hawakukosea, ila habari yao inaishia katikati. Mitambo ya umeme ya mto Kihansi, ulioko katika milima ya Udzungwa, ilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mahandaki, na maporomoko yaliyokuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana yakanyamaza. Chura huyo, aliyegunduliwa mwaka 1996 tu, hakuishi popote duniani isipokuwa kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu hayo. Ana rangi ya dhahabu, anaenea juu ya ukucha wa kidole gumba, na tofauti na vyura wengi hatagi mayai, bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Bondeni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka, na katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kufikia 20,000. Miezi michache baadaye karibu wote walikuwa wamekufa.

Hapo ndipo mgeni wako anapokuwa na hoja, kwa sababu mizoga ya wakati huo ilikutwa na kuvu ya kitridi, yaani fangasi wanaoshambulia ngozi za vyura. Vijimbegu vyake huogelea majini kwa mkia, vikanasa kwenye ngozi ya chura na kuifanya iwe nene. Na kwa kuwa chura hunywa kwa ngozi, na kwa sehemu hupumua kwa hiyo hiyo, chumvi za damu yake huvurugika mpaka moyo unasimama. Wataalamu walishuku pia matope yenye dawa za mashambani, yaliyoteremka milango ya bwawa ilipofunguliwa. Kwa maoni yangu si haki kumtafuta mkosaji mmoja: bwawa liliwabana vyura mahali padogo, na kuvu ikawakuta wamebanana.

Kuvu hii asili yake ni Asia, na imesambazwa kwa biashara ya vyura hai. Ilipofika El Copé nchini Panama mwaka 2004, vyura wa spishi nyingi walitoweka. Viluwiluwi, ambao hula miani, walipokosekana, miani hiyo ikatanda juu ya mawe ya vijito, na nyoka waliotegemea vyura kwa chakula wakapungua. Inaniuma kwamba watu wengi bado huhesabu chura kuwa kiumbe asiye na kazi.

Binadamu haambukizwi, kwa hiyo vukeni mito bila hofu. Lakini matope ya viatu yanaweza kuibeba kuvu hii. Mkiwapeleka wanafunzi Udzungwa, sugueni viatu na kuvianika juani vikauke kabisa kabla ya kuhamia bonde jingine, maana kuvu hii haistahimili ukavu. Na vyura wa Kihansi hawakumalizika kabisa: wapatao 500 waliopelekwa Marekani mwaka 2000 ndio waliokiokoa kizazi hicho. Baadhi ya wajukuu zao walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa tena Kihansi.